Lugha ya Kwanza Iliandikwa kwa Kalamu: Kakamega na Historia ya Kufundisha Programu

Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, aliandika waraka mfupi na kuusambaza kwa wenzake. Ndani yake alidai kwamba mwanafunzi aliyeanza na lugha ya BASIC haponi tena: akili yake imekwisha kupinda, na mwalimu anayetaka kumfundisha programu nzuri anajisumbua bure. Dijkstra hakuwa mtu wa kupuuzwa. Miaka 7 kabla ya hapo, Machi 1968, barua yake dhidi ya amri ya GOTO, ile inayoirusha kompyuta kutoka mstari mmoja wa programu hadi mwingine bila mpangilio, ilitikisa namna programu zilivyoandikwa duniani. Tangu siku hizo hoja ya lugha ya kwanza haijalala. Kila nchi inapoanzisha somo la kompyuta, wakuu wa mitaala hukaa kujadili waanze na lugha gani, na wazazi huambiwa kwamba chaguo hilo litaamua mtoto atakuwa mwandishi wa programu wa aina gani. Kakamega, magharibi mwa Kenya, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo, kwa sababu vijana wa huko waliifikia kompyuta kwa njia ambayo Dijkstra na wapinzani wake hawakuifikiria. Njia hiyo inaonyesha kwamba alama inayodumu haiachwi na lugha. Inaachwa na masharti ambayo lugha hiyo ilifundishwa chini yake: mashine zilikuwa ngapi, mtihani uliuliza nini, na mwanafunzi alipokosea aligundua kosa lake baada ya muda gani.

Nchini Uingereza na Marekani, BASIC ilikuwa lugha ya nyumbani katika miaka ya 1980. John Kemeny na Thomas Kurtz waliiunda katika chuo cha Dartmouth mwaka 1964 ili hata mwanafunzi asiyesoma sayansi aweze kuitumia kompyuta, na mashine ndogo kama BBC Micro na Commodore 64 zilipoingia madukani zilikuja nayo tayari. Mtoto aliwasha mashine sebuleni, akaandika mstari, akabonyeza kitufe, akaona matokeo papo hapo. Huyo ndiye mtoto ambaye wengi walimfikiria waliporudia hukumu ya Dijkstra, na Kakamega haikuwa naye. Mji ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, wenye ofisi za serikali, hospitali ya mkoa na shule za sifa kama Kakamega School. Lakini vijijini Shinyalu, Ikolomani au Butere, nyumba zenye umeme zilikuwa chache mno, na kompyuta ya nyumbani ilikuwa kitu cha kusikia tu. Hata jijini Nairobi, mradi wa Aga Khan ulioanza kuingiza kompyuta katika shule za sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifikia shule chache, tena uliegemea zaidi kuitumia kompyuta kama zana ya masomo mengine kuliko kufundisha kuandika programu. Kizazi kinachodaiwa kuharibiwa na BASIC hakikuwahi kuwepo magharibi mwa Kenya. Vijana wa huko waliingia katika ufundi huu miaka kumi na zaidi baadaye, na walipitia darasani.

Somo la kompyuta lilipoingia katika masomo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, katika miaka ya 1990, lilikuja na umbo lake. Misingi ya kuandika programu iliwekwa katika Kidato cha Tatu, na vitabu vya kiada vikaifunza kwa mifano ya Pascal na Visual Basic. Pascal ilibuniwa na Niklaus Wirth wa Zürich na kutangazwa mwaka 1970, nia yake kubwa ikiwa kufundishia. Humlazimu mwanafunzi kutaja mwanzoni kila kigeu atakachotumia na aina ya thamani kitakayobeba, na hukataa kuendesha programu iwapo ameweka maneno mahali pa namba. Ina sifa nyingine ambayo wanaobishana kuhusu ubora wa lugha huisahau, nayo ni wepesi. Turbo Pascal, iliyotolewa na kampuni ya Borland mwaka 1983 kwa bei isiyofika dola 50, ilitosha kwenye diski laini na ilifanya kazi vizuri kwenye mashine kuukuu za DOS. Shule iliyopokea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, za aina ambayo shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kusambaza mwaka 2002, iliweza kufundisha Pascal bila kununua mashine mpya. Naamini wepesi huo ndio uliobakisha Pascal katika madarasa ya Kenya muda mrefu baada ya vyuo vya Marekani kuihama, kuliko hoja yoyote ya kitaaluma. Chombo hudumu pale ambapo mashine zilizopo zinaweza kukibeba.

Hata hivyo, kwa wanafunzi walio wengi kuna lugha iliyotangulia Pascal, na hiyo haitajwi katika mabishano haya. Mtihani wa kompyuta wa KCSE una karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ni ya nadharia, ya pili ni ya vitendo, na ya tatu ni mradi ambao mtahiniwa huutayarisha kwa miezi kadhaa shuleni. Mtu asiyelijua somo angedhani kwamba uandishi wa programu unapimwa katika karatasi ya vitendo, mbele ya mashine. Sivyo. Karatasi ya pili huuliza zaidi lahajedwali, hifadhidata na uchapishaji. Programu huulizwa katika karatasi ya kwanza, na hujibiwa kwa kalamu: andika sudokodi ya kukokotoa riba, chora chati mtiririko ya programu inayosoma alama za wanafunzi na kutoa wastani, onyesha matokeo ya hatua zifuatazo. Mtahini hajali kama mtahiniwa anaifahamu Pascal, C au Visual Basic. Anataka hatua zilizopangwa, kwa maneno ya kawaida na maumbo yanayojulikana: mviringo wa kuanza na kumaliza, msambamba wa kuingiza na kutoa data, almasi ya uamuzi. Mwalimu mwenye kompyuta kumi na darasa la wanafunzi arobaini, au mwenye chumba cha kompyuta lakini stima imepotea tangu asubuhi, alijua vizuri kazi hiyo ingefanyika ubaoni na daftarini. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi uliotangazwa mwaka 2009 ulilenga kupeleka kompyuta katika shule 5 za kila eneo bunge. Ulikuwa msaada mkubwa, lakini uliziacha nyingine nyingi palepale. Kwa maelfu ya wanafunzi wa Kakamega na kaunti jirani, programu ya kwanza waliyoandika haikuendeshwa na mashine yoyote. Ilisomwa na mwalimu, ikapewa alama kwa wino mwekundu.

Jambo hilo lilijenga mazoea gani? Tuchukue tatizo ambalo mwanafunzi wa Mumias angelielewa bila kufafanuliwa: programu inayosoma uzito wa kila mzigo wa miwa wa mkulima, inayojumlisha, na inayokoma mkulima anapoandika sifuri. Mwanafunzi mwenye mashine ataandika kitanzi, yaani hatua zinazorudiwa, ataendesha, ataona jumla imezidi au imepungua, atabadilisha alama moja, ataendesha tena, hadi majibu yafanane na anayoyatarajia. Asiye na mashine hana budi kuchora jedwali. Safu ya kwanza ni uzito, ya pili ni jumla, na kila mara kitanzi kinapozunguka anajaza mstari mpya kwa mkono wake: tani 8, jumla 8, tani 5, jumla 13, sifuri, koma. Akisahau kuanzisha jumla kwa sifuri, kalamu yake inakwama mstari wa kwanza kwa sababu hajui aongeze 8 kwenye nini. Kazi hiyo inachosha, lakini inamfunza jambo ambalo utafiti umeonyesha ni gumu kuliko lugha yoyote. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani Roy Pea alieleza kosa linalowapata wanaoanza bila kujali lugha wanayotumia: wanadhani kwamba ndani ya mashine kuna akili itakayoelewa walichokusudia, hata kama hawakukiandika. Jedwali la kalamu linaiua dhana hiyo mapema, maana mwanafunzi mwenyewe ndiye anayekuwa mashine, na hana ruhusa ya kukisia. Mwaka 2004 kundi la watafiti lililoongozwa na Raymond Lister wa Australia liliwapima wanafunzi wa vyuo vya nchi 7, likakuta wengi wao, baada ya kozi ya kwanza ya programu, wanashindwa kufuatilia kipande kifupi cha programu na kusema kitatoa nini. Hao walikuwa wanafunzi wenye kompyuta. Ustadi ambao mtihani wa Kenya uliulazimisha kwa sababu ya uhaba ndio uliokosekana mahali penye wingi.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye safari ya lugha baada ya shule ya sekondari. Sigalagala, iliyoanzia kama shule ya ufundi enzi za ukoloni na leo ni taasisi ya kitaifa ya ufundi karibu na barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, ni mojawapo ya vyuo vilivyofuata mitihani ya diploma ya Baraza la Mitihani la Kenya. Katika diploma hiyo ya teknolojia ya habari, mwanafunzi alipitishwa katika mfululizo wa lugha: Pascal na C katika somo la programu za muundo, Visual Basic katika programu za skrini, kisha C++ na Java. Kama lugha ya kwanza ingekuwa na nguvu ambayo Dijkstra aliipa, wahitimu wa mfululizo huo wangebaki wafungwa wa Pascal au Visual Basic maisha yao yote. Soko la kazi lilidai kingine kabisa. Jukwaa la Ushahidi, lililozaliwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 kisha likaenea duniani, liliandikwa kwa PHP, lugha ambayo haikuwa katika silabasi ya sekondari. Kebo za baharini zilipofika Mombasa kuanzia mwaka 2009 na intaneti ikashuka bei, tovuti nyingi za Kenya zilijengwa kwa lugha hiyohiyo, na simu za Android zilipoenea Java ikawa njia ya kipato. Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017 ili watayarishaji wa programu waunganishe mifumo yao na M-Pesa, aliyetaka kuitumia angeweza kuja na Python, PHP, Java au nyingine. Watu walivuka. Walivuka kwa shida, kwa kujisomea usiku, lakini hakuna aliyezuiwa mlangoni kwa sababu alianza na Pascal.

Mpinzani makini ana jibu hapa, na jibu lake lina uzito. Atasema kuvuka kunawezekana, ila mtu huvuka na mizigo yake. Ataitaja kazi ya Orni Meerbaum-Salant, Michal Armoni na Mordechai Ben-Ari wa Israel, ambao mwaka 2011 walichapisha utafiti kuhusu watoto waliojifunza kwa Scratch, lugha ya vipande vya rangi iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007. Walikuta watoto wamezoea mambo mawili ambayo wataalamu huyaona mabaya: kuanza kuunganisha vipande bila mpango wowote, na kuikata programu kuwa vijisehemu vidogo mno visivyo na maana vyenyewe. Ni ushahidi halisi kwamba chombo cha kwanza hufunza tabia, na sina nia ya kuupuuza. Lakini watafiti haohao hawakuishia hapo. Mwaka 2015 walichapisha utafiti mwingine uliowafuata wanafunzi hadi sekondari walipoanza lugha za maandishi kama Java na C#, na waliopitia Scratch walielewa mada mpya kwa wepesi na haraka zaidi kuliko wenzao, ingawa mwishoni alama za makundi hayo mawili zilitofautiana kidogo tu. Huko Chicago, David Weintrop na Uri Wilensky walilianzisha kundi moja la wanafunzi wa sekondari kwa vipande na jingine kwa maandishi kwa wiki 5, kisha wakayafundisha yote Java. Baada ya wiki 10 za Java, pengo lililokuwepo kati ya makundi hayo lilikuwa limekwisha. Mazoea ya lugha ya kwanza, basi, yapo, lakini hufifia mwanafunzi anapopewa lugha ya pili na mwalimu. Hatari ya kweli inampata yule anayepewa lugha moja tu na kuachwa nayo.

Hapo ndipo Visual Basic inastahili kusemwa vibaya kidogo, na huenda wengi walioifundisha kwa moyo hawatapenda. Ilitoka mwaka 1991, na toleo lake la 6, la mwaka 1998, ndilo lililokaa madarasani Kenya kwa miaka na miaka hata baada ya Microsoft kuacha kulihudumia mwaka 2008. Lugha hii humwanzisha mwanafunzi kwenye fomu tupu: chora kitufe, kibonyeze mara mbili, andika kinachopaswa kutokea. Ni raha kwa mtoto kuona dirisha lake mwenyewe kwenye skrini, na raha hiyo ina thamani. Tatizo ni kwamba hesabu, ukaguzi wa data na mawasiliano na hifadhidata vyote huishia kurundikwa nyuma ya kitufe kimoja, kwa sababu chombo chenyewe kinamwelekeza huko. Hata hivyo, tukitazama kwa nini mazoea hayo yalikita mizizi, mkono wa mtihani unaonekana tena. Mradi wa KCSE ulitaka mfumo wa kuonekana: maktaba ya shule, hospitali, chama cha akiba na mikopo, wenye fomu za kuingiza data, majedwali, ripoti na nyaraka za maelezo. Wengi waliutengeneza kwa Microsoft Access, na kazi ikawa ya kupanga fomu na ripoti ili kila kipengele cha alama kipatikane. Zaidi ya hapo, mradi wa mwaka mmoja ulipofanana na wa mwaka mwingine, ilikuwa rahisi kupokezana mfumo uliokwisha kutengenezwa na kubadilisha majina. Pascal haikumfunza mwanafunzi yeyote kunakili, wala Visual Basic. Aliyemfunza ni mfumo wa tuzo ulioheshimu kazi iliyokamilika kuliko kazi iliyoeleweka.

Upo upinzani mwingine, na huu unanigusa zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba kusifu kalamu ni kuupaka uhaba rangi nzuri, na kwamba hakuna mzazi wa Nairobi mwenye uwezo ambaye angemwondolea mtoto wake kompyuta ili ajifunze kufuatilia jumla daftarini. Ni kweli, na gharama ya uhaba ule isifichwe. Mwanafunzi aliyeandika programu kwa miaka miwili bila kuiendesha alifika chuoni akiiogopa mashine, akilichukulia kosa kama fedheha badala ya habari, kwa maana kosa lake daftarini lilirudi baada ya wiki likiwa alama iliyokatwa. Ujumbe wa kosa kutoka kwa kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, ambao mwenzake mwenye kompyuta nyumbani alikuwa ameuona mara elfu na kuuzoea, kwake ulikuwa kama karipio. Ubunifu unaotokana na kucheza, kujaribu jambo kwa sababu tu unataka kuona litatokea nini, haukupata nafasi. Wengi waliacha hapo, na waliokuwa na akili ya kufika mbali walikuwemo miongoni mwao. Ninachotetea ni ustadi mmoja ambao uhaba uliuhifadhi bila kukusudia, na ambao tunaweza kuupoteza sasa tukidhani ulikuwa sehemu ya umaskini.

Maana hali inabadilika haraka. Tangu mwaka 2016 tabuleti za mpango wa serikali wa elimu ya kidijitali zimepelekwa katika shule za msingi. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya kuandika misimbo iliyotayarishwa na Kodris Africa, na wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walipangiwa kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026, wengine wakielekea mkondo wa sayansi na teknolojia. Scratch inapatikana kwa Kiswahili, na kwa mtoto wa Kakamega anayezungumza Kiluhya nyumbani na Kiswahili sokoni, hiyo ni nafuu ya kweli. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, imeshika nafasi iliyokuwa ya Pascal. Ni chaguo zuri, na sidhani kuna sababu ya kuligombania. Ninachohofia ni kwamba majina ya lugha yamekuwa njia rahisi ya shule kujitangaza. Bango langoni husema mtoto wako atajifunza Python. Halisemi watoto wangapi watashiriki mashine moja, au kama mwalimu aliyefundishwa semina ya siku chache ataweza kumweleza mtoto kwa nini kitanzi chake hakikomi.

Kwa hiyo, mzazi au mjumbe wa bodi ya shule katika Kaunti ya Kakamega, unapokaa na mwalimu mkuu kuzungumzia somo hili, usianze na lugha. Uliza kila mwanafunzi atakaa saa ngapi mbele ya mashine kwa wiki. Uliza kama atapewa lugha ya pili kabla ya kumaliza shule. Uliza kama mradi wake utasahihishwa pamoja na mahojiano mafupi ambamo atazieleza hatua zake mwenyewe. Kisha omba uone daftari la mwanafunzi mmoja, utazame kama ndani yake kuna jedwali alilolijaza kwa mkono akifuatilia programu yake kabla ya kuiendesha. Hayo manne yakiwepo, wafundishe lugha yoyote wanayoimudu.